Uso wa Jilala

Mimi nachonga. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wa Dutwa wamechoka kulijadili, na mimi sijachoka kulisema. Kinu chochote unachokiona kuanzia stendi hadi njia ya Sapiwi, kama bado hakijapasuka, ni cha kwangu au cha marehemu baba yangu, mzee Shigela, aliyenifundisha. Baba alitaka kumfundisha mdogo wangu Jilala, kwa kuwa ndiye wa kiume. Lakini Jilala ukimpa tezo, anaipiga kwenye gogo kama anapiga ngoma, mara anacheza, mara kibanzi kimemwingia jichoni na analia. Siku moja baba akanigeukia mimi niliyekuwa nafagia vibanzi, akasema, "Philomena, hebu shika wewe." Nikashika. Mpaka leo sijaiachia, na anayesema si kazi ya mwanamke aje na kinu chake tulinganishe.

Basi Jilala akawa mchezaji. Tena si mchezaji wa kubahatisha, mchezaji haswa! Huku kwetu pamba ikishavunwa, vijiji hushindana ngoma. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, saa ileile, kila kimoja na ngoma zake na nyimbo zake, na watu wanasimama katikati. Hakuna jaji. Ukipendezwa na huku unakimbilia huku, ukisikia kule kuna jambo jipya unatimua mbio kule. Jua likizama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa hiyo kila kikundi huficha ajabu lake. Wengine huja na chatu, wengine na nungunungu, wengine na sanamu ya mti inayotikisa kichwa. Sisi wa Dutwa, wa chama cha ngoma cha Bagalu, hatukuhitaji chatu. Tulikuwa na Jilala.

Hila yake ilikuwa moja tu. Aliingia uwanjani akiwapa watu mgongo. Mabega yanatetemeka, njuga zinalia, na hageuki hata umwite kwa jina la baba yake. Sasa binadamu tulivyo, lazima utake kuiona sura ya mtu anayetikisa mabega namna ile. Watu wanaanza kumzunguka waje mbele, naye anazunguka taratibu kuwakwepa, mpaka uwanja mzima unamkimbilia yeye na kikundi cha pili kinabaki kinawachezea mbuzi. Wakimpata mbele wanakuta anacheka, mwanya wazi. Mwanya huo tuliurithi kwa mama, mimi na yeye.

Nilimzidi miaka minane, na mama alipokuwa shambani mimi ndiye niliyekuwa nambeba. Alikuwa mzito huyo! Kila alipoamka mgongoni alianza kujitikisa, nami nikimkaripia anajitikisa zaidi.

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika na malori yao, kila mmoja akitaka kuwahi kabla ya mwenzake, Jilala alipata kibarua cha kupakia. Walikuwa wanatoka Mwandoya, yeye kakaa juu ya magunia, dereva anakimbia kama anafukuzwa. Lori likapinduka kwenye korongo. Waliniletea mdogo wangu amefunikwa turubai. Mama akaomba amwone uso, wanaume wakakataa, wakasema mama usimwone, mkumbuke alivyokuwa. Tukamzika hivyohivyo.

Mama yangu namwita mayu, kama Wasukuma wote wanavyowaita mama zao. Yeye naye akinifurahia huniita mayu vilevile, na akikasirika naitwa Philomena. Tangu siku ile ya turubai niliitwa Philomena tu. Hakuwa na ugomvi na mimi. Furaha ndiyo iliyokuwa imemtoka, akawa anaamka, analima, anapika, analala.

Mimi sikulia. Watu walisema Philomena ana roho ngumu, wacha waseme. Nilichonga vinu mwaka mzima mpaka wateja wakapungua, maana nani anahitaji vinu vitatu? Kisha msimu ukakaribia tena, na habari zikatufikia kutoka Sapiwi. Bundala, kiongozi wa Bagika, chama pinzani cha ngoma cha huko, alikuwa anatamba vilabuni kwamba mwaka huu Dutwa haina mtu, wataingia uwanjani wakiwa wamelala na bado watashinda. Maneno yale yalinipandisha mori. Nikaenda kwa Luhaga, mpiga ngoma wetu mkuu na ndiye aliyebaki anakiongoza kikundi.

"Jilala ataingia uwanjani," nikamwambia.

Luhaga akaniangalia kwa huruma. "Dada, kapumzike."

"Nimepumzika mwaka mzima. Nitamchonga. Ukubwa wake, mabega yake, na mabega yatacheza. Wewe andaa ngoma."

Nilikata gogo la mkuyu, maana mkuyu ni mwepesi, nikalikomba ndani kama anayechonga ngoma. Nikatoa kiwiliwili kuanzia kiunoni, kichwa na mikono miwili. Mabega niliyaunga kwa vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli. Ukigusa kidogo tu, yanatetemeka yenyewe. Kiunoni nilipigilia suruali yake ya kuchezea, ile yenye viraka vyekundu, nikaijaza pamba miguu yote miwili. Mpango ulikuwa kumsimamisha juu ya mlingoti katikati ya uwanja na kumvuta kwa kamba. Na sisemi kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki: mgongo ule ulikuwa wake. Luhaga alipouona kwa nyuma, alikaa chini.

Mama alikuwa anapita na ndoo. Akaiweka, akasimama mlangoni pa banda.

"Na uso?" akauliza.

"Uso bado, mayu. Nauanza kesho."

"Mimi sikuuona uso wa mwanangu," akasema. "Nilinyimwa. Sasa nisikilize, Philomena. Ukiniletea uso wa mtu mwingine ukauita Jilala, nitauchoma moto. Hata kama ni uwanjani mbele za watu. Mungu wangu ananisikia."

Akachukua ndoo yake akaenda. Nilijua hatanii, na nilijua pia kwamba nikimpatia uso ule nitakuwa nimemrudishia kitu walichomnyima wanaume wale. Kwangu ushindi wa Dutwa ukawa jambo la pili.

Picha ya Jilala hatukuwa nayo hata moja. Nikachonga kwa kukumbuka. Ukatoka uso mzuri, mpole, kama wa katekista. Luhaga akasema pua ilikuwa pana zaidi. Wacheza ngoma wengine wakasema hapana, pua ni sawa, mashavu ndiyo si yake. Nikaukwangua wote nikaanza upya. Mara ya pili akatokea mtu ambaye hakuna aliyemjua, labda yupo huko Meatu anachunga ng'ombe zake kwa amani. Nikauondoa. Kisha mtu akanishauri, wewe si mnafanana? Tumia kioo. Nikaweka kioo mbele yangu, nikachonga ninachokiona, mwanya na yote.

Luhaga alipouona, alijikuna shingo. "Huyu ni wewe, dada. Tena ni wewe siku umeuziwa gogo lililooza."

Nilicheka? Thubutu! Nilishika tezo nikaukwangua. Nikaendelea kukwangua kwa hasira, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo baba angenichapa kwalo. Mti ukishautoa hauurudishi. Nilipokuja kutulia, upande wa mbele wa kichwa ulikuwa bapa kabisa, umebaki unene wa ubao, na chini yake ni uwazi nilioukomba mwenyewe. Nikigusa tena kwa patasi, natoboa. Uso ulikuwa umeniishia.

Shindano lilikuwa kesho yake.

Asubuhi hiyo, shindano likiwa limebakiza siku moja, Imrani akafika na pikipiki. Imrani ana duka la vitambaa Bariadi mjini, ila msimu ule alikuwa amegeuka wakala wa kampuni moja ya pamba, na fulana ya kampuni ameivaa juu ya kanzu. Alikuwa amesikia habari za sanamu. Akaizunguka, akaona ule ubapa, akapiga makofi.

"Dada Philomena, Mungu amenituma. Nina mchoraji wangu, yule aliyechora vichwa pale kwa kinyozi stendi. Anakuchorea uso kwa rangi sasa hivi. Kifuani tunaandika jina la kampuni, herufi kubwa. Na kikundi kizima nakipa fulana, spika mbili na jenereta."

Macho ya Luhaga yakawaka. Nilimwona, wala simlaumu, nani alikuwa na spika siku zile?

"Imrani," nikasema, "ndugu yangu amefia juu ya magunia ya pamba. Sasa unataka afufuke aje kuwatangazia biashara?"

Akavua kofia yake, akasema, "Pole, dada. Nisamehe," na naamini ilimtoka moyoni. Lakini mzigo wake ulikuwa na kazi ya kufanya, na saa sita hatujafika tukasikia kwamba spika na jenereta vimekwenda Sapiwi kwa Bundala. Luhaga hakunilaumu kwa mdomo. Alikwenda kukaza ngozi za ngoma zake, akizikaza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Nikabaki bandani na mdogo wangu asiye na uso. Nilimwangalia mpaka nikachoka, nikainuka nikatafuta shoka. Bora nimpasue mwenyewe awe kuni kuliko mama aje amchome mbele ya Bundala. Nilikuwa nimekwisha kuliinua shoka lile mama alipoingia kutoka kuchambua mbegu, nywele zake zimejaa pamba.

"Unafanya nini?"

"Nimeshindwa, mayu." Neno hilo sijawahi kulitamka kabla wala baada. "Simkumbuki uso. Mdogo wangu mwenyewe! Nikifumba macho ninaona mgongo, nikifumbua naona ubao."

Nilidhani atanionea huruma. Wapi! Alinijia juu kama nimemvunjia chungu.

"Wewe uso wake uliujulia wapi? Eh? Mimi nikiwa shambani na jembe, uso wake ulikuwa wapi? Si ulikuwa umebanwa kwenye mgongo wako kutwa nzima? Alikuwa anakutemea mate hapa katikati ya mabega mpaka gauni linaoza. Ndivyo ulivyomjua. Halafu leo unakaa na kioo unatafuta pua! Toka hapa na shoka lako." Akafika mlangoni akageuka. "Na mimi huko uwanjani siji. Yule mtu wa Sapiwi aimbe anavyotaka."

Niliweka shoka chini. Niligusa katikati ya mabega yangu, pale alipopasema, na nakwambia kweli, pakawa pa moto.

Mchana uliofuata uwanja wa mnada ulijaa pomoni. Watu walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, wengine juu ya magari ya pamba. Bundala aliwasha jenereta lake, na spika zile zikaanza kunguruma. Nani Dutwa alikuwa amewahi kusikia sauti ya mtu ikitoka kubwa kiasi kile? Watu wote walihamia kwake, watoto, wazee, hata mashemeji zetu. Luhaga alikuwa anapiga ngoma jasho linamtiririka, lakini ngoma zetu zilikuwa hazisikiki hata kwetu wenyewe. Bagika wa Sapiwi wote ndani ya fulana mpya, wanameremeta.

Nyuma ya mti wa kufungia ng'ombe nilikuwa nimepiga magoti. Nilikuwa nimeunganisha vitenge viwili nikapata mbeleko ndefu. Nikawaambia wanawake wa kikundi wampandishe Jilala mgongoni kwangu.

"Philomena, umerukwa na akili?"

"Mpandishe. Uso ndani, kifua kwenye mgongo wangu. Miguu ipitishwe kiunoni. Kwani hamjawahi kubeba mtoto?"

Wakamfunga. Ule ubapa wa kichwa chake ukakaa sawasawa katikati ya mabega yangu, kana kwamba nilipachonga kwa kupima, na miguu ya pamba ikanikumbatia tumboni. Alikuwa mzito, ila mimi nabeba magogo. Nikafunga njuga zake miguuni mwangu, nikasimama, nikaingia uwanjani nikiwa nimeelekea upande ulio mtupu, ili watu waone mgongo wake yeye.

Bundala akaniona. Sauti yake ikajaa Dutwa nzima. "Jamani, yule dada ametuletea kinu! Dada, kishushe, kitakuvunja kiuno!"

Watu wakageuka kucheka, na huko ndiko alikokosea, maana walipogeuka wakaona. Nilikuwa nimeanza kutikisa mabega. Mimi si mchezaji, lakini mabega yangu yakitikisika kidogo, yake yanatetemeka mara mbili, ile mipira ya baiskeli haina utani. Njuga zikalia. Luhaga akaliona lile, akabadilisha mdundo bila kuambiwa, akapiga ule wa Jilala ambao haukupigwa Dutwa tangu tulipomzika.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja mzee akapiga yowe. "Jilala! Ni Jilala!"

"Suruali yake ile!"

"Uso! Tuone uso!"

Wakaanza kuja. Nilisikia ardhi inatetemeka nyuma yangu, nami nikafanya kama alivyokuwa akifanya, nikazunguka taratibu nikiwakwepa, mgongo kwao, mgongo kwao tena. Spika zinanguruma zenyewe, Bundala anaita, "Rudini, jamani, rudini!" Nani arudi? Na mimi, mzigo ule ukijitikisa mgongoni, ubao ule ukinigonga palepale aliponitemea mate, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Tulia wewe! Tulia, Jilala!" kama nilivyokuwa nikimkaripia nikiwa msichana. Naye kama kawaida akajitikisa zaidi. Loo! Nikacheka. Nilicheka kwa mdomo wote, mwanya nje, na machozi ya mwaka mzima yakashuka kwa pamoja yakaingia mdomoni nikiwa nacheka, na sikuona haya hata chembe.

Ndipo waliokimbia mbele wakanifikia. Walikuja kuuona uso wa Jilala, wakanikuta mimi. Kijana mmoja wa Sapiwi, fulana mpya mwilini, akajishika mdomo. Mzee mmoja akavua kofia. Watu walizidi kuzunguka na kusimama, kila anayefika mbele anasimama, na duara likawa kubwa mpaka sikuona mwisho wake.

Kisha nikamwona mama. Alisema haji, lakini alikuja, anapenya katikati ya watu na kanga yake kichwani, na mkononi ana kiberiti. Nilikiona vizuri. Watu walimpisha. Njuga zangu zikanyamaza. Luhaga naye alimwona, akaendelea kupiga pole pole, hajui kama apige au aache.

Mama akafika mbele yangu. Ule mti mgongoni kwangu hakuuangalia. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, kiberiti kikiwa bado kimebanwa kwenye kiganja, kinanikwaruza shavu. Akaniangalia machoni, akaniangalia mdomo, akapitisha kidole gumba kwenye meno yangu, hapa kwenye mwanya. Aliniangalia muda mrefu, kwa namna ambayo alitaka kumwangalia yule wa kwenye turubai. Mimi sikuacha kucheka wala sikuacha kulia, sikuweza.

Akaniachia. Akazunguka nyuma yangu, na kiberiti nikakisikia kinaanguka chini. Nikasikia mkono wake unaipigapiga ile suruali ya viraka, taratibu, kisha ukakaza fundo la mbeleko lililokuwa linalegea, kisha ukatulia juu ya kichwa cha mti.

"Mteremshe sasa, mayu," akasema. "Amelala."

Nikapiga magoti, na mama akampokea.